Wageni Wasio na Miguu

Aprili 2015 masika ilikuwa imeuficha mlima, na ofisini kwetu Moshi hakukuwa na kazi zaidi ya kuanika mahema na kusubiri. Kampuni ilikuwa ndogo, ya mama mmoja aliyewapikia wapanda mlima miaka mingi kabla ya kupata leseni yake mwenyewe. Mimi nilishika tovuti. Kila Jumatatu nilimpelekea karatasi moja: juma hili tovuti imetembelewa mara ngapi, na wageni wametoka wapi.

Jumatatu moja nilikimbia nayo. Ziara zilikuwa zimeongezeka zaidi ya maradufu. Mama alivaa miwani, akaisoma karatasi mara mbili, akasema, "Mwanangu, mwaka huu Mungu ametukumbuka." Siku hiyohiyo akamwita kiongozi wa wapagazi, wagumu kama tunavyowaita huku, akamwomba vijana wake wasichukue safari za watu wengine Julai na Agosti.

Ombi hilo linaniuma mpaka leo. Mgumu hulipwa kwa safari. Akiikataa kazi ya jirani kwa sababu ya karatasi yangu, na wageni wasitokee, ni nyumbani kwake ambako sufuria haipandi mekoni.

Mei ikaisha, barua za kuulizia bei zikabaki zilezile mbili tatu kwa juma. Ndipo nikaketi na ripoti usiku, nikaisoma vile nilivyopaswa kuisoma tangu mwanzo. Wageni wengi wapya walionyeshwa wametoka Urusi. Kwenye safu ya tovuti walikotokea palikuwa na majina ya maduka na ya tovuti za kuuza vitufe, vitu visivyohusiana na mlima kabisa. Muda waliokaa: sekunde 0. Waliofungua ukurasa wa pili: hakuna hata mmoja.

Mtu anayetaka kupanda Kilimanjaro hasomi hivyo. Ana hofu. Atafungua njia ya Machame, ailinganishe na Lemosho, arudi kwenye bei, asome habari za ugonjwa wa mwinuko, aondoke. Kesho yake usiku atarudi, pengine na mkewe pembeni, asome upya. Nyayo zake zinaonekana kwenye ripoti kama zinavyoonekana kwenye tope la msituni. Hawa hawakuwa na nyayo.

Nilipoteza majuma mawili kuwafungia mlango. Niliandika amri kwenye seva, jina baada ya jina, na kila asubuhi nikawakuta wameongezeka. Mwishowe nikafungua kumbukumbu za seva yenyewe, daftari linaloandika kila anayebisha hodi. Hawakuwemo. Hawakuwahi kufika kwetu hata siku moja!

Nilihitaji muda kuelewa hilo linawezekanaje. Tovuti iliyotumia Google Analytics kuhesabu ziara, kama yetu, ilipewa namba iliyoanza na UA, na mtu yeyote aliweza kutuma taarifa ya ziara moja kwa moja kwenye mitambo ya kuhesabia akiitaja namba hiyo, bila kuigusa tovuti. Watuma taka walitengeneza programu za kubahatisha namba, moja baada ya nyingine, na kila namba wakaipachikia ziara za uongo zenye jina la duka lao. Walichokitaka ni udadisi wangu tu: nilione jina geni, nilibofye, niwe mteja wao. Kwa kuwa walibahatisha, hawakujua namba ni ya nani. Kwa hiyo pale ripoti inapoonyesha ziara imefanyika kwenye tovuti ipi, paliachwa wazi au paliandikwa jina lisilo letu. Niliweka kichujio: zihesabiwe zile tu zenye jina letu. Kichujio hakirekebishi yaliyopita, basi miezi ile niliihesabu upya kwa mkono.

Kisha nikaenda kwa mama. Alinisikiliza bila kunikatiza, akasema, "Kamwambie mwenyewe." Kiongozi wa wagumu nilimkuta anashona mkanda wa begi. Nilimweleza yote, Urusi, namba, vichujio. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Kwa hiyo hao hawakuwa watu?" Nikamwambia hawakuwa watu. Akatoa simu, akaanza kuwapigia vijana wake mmoja mmoja. Baadhi walipata safari za watu wengine. Wengine walikuwa wamechelewa.

Tangu hapo sijapeleka karatasi bila kujiuliza swali lile. Novemba 2016, safu ya lugha, panapokaa vifupisho kama en-us au sw, ilijaa sentensi ndefu ya Kiingereza ikiwahimiza watu wampigie kura Trump. Hiyo niliitambua palepale, kwa sababu jina la lugha halina maneno kumi. Julai 1, 2023 mfumo ule wa zamani ulisimamishwa, na mpya unadai ufunguo wa siri kwa anayetuma taarifa kutoka nje. Siku hizi roboti huja kwa miguu hasa: hufungua kurasa kwenye kivinjari kama mimi na wewe.

Dalili moja ninayoitazama ni mji. Ziara zikifurika kutoka Ashburn, Virginia, mji uliojaa vituo vya data, nashuku mashine. Mwaka jana nilikuwa karibu kuuondoa mji huo wote kwenye hesabu. Kabla sijabonyeza nikafungua ziara zake moja moja. Nyingi zilikuwa tupu. Moja ilianzia Lemosho, ikaenda kwenye bei, ikasimama dakika 9 kwenye ugonjwa wa mwinuko, na usiku uliofuata ikarudi palepale. Niliuacha mji. Baada ya siku nne ikaja barua ya mama mmoja wa huko: ana miaka 61, magoti yake si mazuri, je, wagumu wetu wana subira?

Nilimsomea kiongozi barua hiyo kwenye simu. "Huyu ni mtu," akasema.