TUMBO LA KUSHOTO, SEHEMU YA 4: KUNDE HAZINA KOSA

Tangu niandike ile sehemu ya choo kigumu, inboksi yangu haina nafasi. Swali linalorudi ni hili: "Nesi, nimepimwa Dar nikaambiwa utumbo una vifuko. Sasa nile nini?" Wengi wanaouliza ni watu wazima, miaka 60 kwenda juu, au watoto wao wanawaulizia.

Vifuko vyenyewe ni hivi. Ukuta wa utumbo mpana una sehemu dhaifu, pale mishipa ya damu inapopenya. Utumbo ukisukuma kinyesi kikavu mwaka baada ya mwaka, ngozi ya ndani inachomoza nje mahali hapo, kama tyubu ya baiskeli inavyotoa nundu pale tairi lilipochanika. Kitaalamu vinaitwa divatikula. Wengi wanavyo na hawajui, wala haviwasumbui. Tabu inaanza kifuko kinapovimba au kinapotoa damu.

Huku kaskazini kwetu, upande wa mnara wa Ras Mkumbi, kuna mzee alirudi na majibu hayo na onyo moja alilopewa huko alikopita: asile chochote chenye mbegu, zitaingia kwenye vifuko zioze. Basi nyanya marufuku. Bamia, mapera, kunde, korosho, vyote marufuku. Miezi saba mtu anakula wali mweupe na mchuzi uliochujwa, asubuhi boflo na chai. Nilipomkuta, suruali anaifunga kwa kamba, choo anapata mara moja kwa siku tano, na tumbo la kushoto linamuuma kuliko kabla ya kupimwa. Kilichomliza bibi yake hata sio ugonjwa. Ni kwamba mzee hagusi tena sinia la nyumbani, anakula peke yake kwenye kibakuli, kama mgeni.

Jamani, hilo la mbegu liliaminika miaka mingi, hata madaktari walilifundisha. Mwaka 2008 ikatoka taarifa ya utafiti wa Marekani uliofuatilia wanaume zaidi ya 47,000 kwa miaka 18. Waliokula karanga na bisi kwa wingi hawakuugua vifuko zaidi ya wengine, bali waliugua kidogo zaidi. Kwa hiyo mbegu ya nyanya imeshaachiwa huru na mahakama, muache kuikamata.

Na cha kuchekesha, hoja ya nyuzinyuzi kwa sehemu kubwa ilitoka huku huku kwetu. Daktari Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi Uganda karibu miaka 20. Aliona magonjwa ya utumbo yaliyojaa wodi za Uingereza ni nadra kwa watu wa vijijini Afrika, wanaokula nafaka na maharage yasiyokobolewa na kupata choo kingi, laini. Mwaka 1971 yeye na mwenzake Neil Painter wakaandika kwamba vifuko ni ugonjwa wa kukosa makapi kwenye mlo. Baadaye wengine wamemsahihisha kidogo: umri na urithi vinachangia pia, na nyuzinyuzi hazifuti kifuko kilichokwisha kuota. Lakini kwamba wanaokula nyuzinyuzi kwa wingi hupata mashambulizi machache, hilo bado limesimama. Wazungu walijifunza kwenye masufuria yetu, sisi tukakimbilia boflo! Mimi hapa huwa nakasirika kidogo, mnisamehe.

Tuje jikoni. Mtu mzima anahitaji angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Kikombe kikubwa cha wali mweupe hakifiki hata gramu moja. Kikombe hicho hicho cha kunde zilizopikwa kinakupa kama gramu 11. Mapera mawili madogo, kama gramu 6. Chungwa moja, kama gramu 3, ila ulile na nyama zake, sio kunyonya maji na kutema kama tunavyofanya sote barazani. Weka na kisamvu, matembele, kiazi kitamu na ganda lake, papai. Ugali upikie dona. Wali sijaukataza, nani atanisikiliza Mafia hii? Punguza wali, ongeza kunde juu yake, basi.

Ila usianze yote kwa siku moja. Utajaa gesi, utavimba, kisha utasema nesi kaniua. Wiki ya kwanza ongeza kitu kimoja, ya pili kingine. Na maji. Makapi bila maji yanakuwa kama zege tumboni. Mwezi wa Ramadhani ndipo watu wanapokwama: gawa maji yako kuanzia futari mpaka daku, usiyameze yote kwa mkupuo. Na kama umeshapata shambulio siku za nyuma, ongea na daktari kabla mwezi haujaandama.

Sasa sikilizeni hapa, kwa sababu ndipo ushauri unapogeuka. Siku tumbo la kushoto linapouma kweli na homa inapanda, kunde weka pembeni. Siku hizo unakunywa maji, supu nyepesi, uji mwepesi, mpaka maumivu yatulie, ndipo unarudi polepole. Kwa maumivu tumia panado. Diklofenaki na ibuprofeni ziache dukani, zinaweza kusababisha kifuko kitoboke au kitoe damu.

Na ukiona damu kwenye choo, tumbo limekuwa gumu kama ubao, unatapika au homa haishuki, usisubiri kesho wala usitafute mizizi. Huku kwetu ni mbali na Kilindoni na barabara mnaijua, kwa hiyo anza safari ya hospitali mapema, mchana. Damu hata ikiwa kidogo na haiumi, nenda. Inaweza kuwa bawasiri, inaweza kuwa kifuko, inaweza kuwa saratani ya utumbo, na hakuna nesi anayeweza kukuambia ni ipi kupitia simu.

Yule mzee tulianza naye na vijiko vitatu vya kunde, bibi yake akihesabu. Wiki ya sita choo kilikuwa cha kila siku na sinia lilikuwa moja.

Sehemu ya 5 ni bawasiri, mmeiomba sana. Maswali wekeni hapa chini. Picha za choo, tafadhali, inboksi.