Mboga ya ndani ya mfuko



Sokoni tunauliza bei, tunatazama kama majani ni mabichi. Udongo na maji hatuulizi. Mboga iliyopandwa ndani ya mfuko uliosimama ukutani tunaicheka: eti mboga ya kweli inatoka chini. Lakini chini ya mji wetu kuna nini? Shaba ilianza kuyeyushwa hapa mwaka 1911, na moshi na vumbi lake vimeangukia udongo. Lenga-lenga tukiiosha, vumbi linatoka. Kilichopanda kupitia mizizi hakitoki. Mfuko nao si dawa: ukijazwa udongo mchafu, mboga ni ile ile. Basi tumuulize muuzaji: bustani iko wapi, unamwagilia maji gani? Watoto wetu wanakulia bukari majani hayo kila siku.