Ninauza esansi, na ninataka pikipiki za umeme

Wengi wenu mnanijua: mimi ni kadafi. Meza yangu iko kando ya njia, chupa za esansi juu, bido chini. Kazi hiyo imelipa masomo ya watoto wanne. Sasa watu wanasema nchi yote iache esansi na mazuti, motokari na pikipiki zitembee kwa umeme. Mtafikiri mimi nitakuwa wa kwanza kukataa. Hapana, ninataka, lakini kwa masharti.

Niwaambie kwanza esansi ni nini ndani ya nyumba. Usiku siwezi kuacha bido nje, wataiba. Inalala ndani, na sisi tunalala ndani. Mshumaa nimeukataza kabisa. Mtoto akikohoa usiku, ninafikiri ile harufu. Kila mama anayeuza kama mimi anaijua hofu hiyo, ila hatuisemi mbele ya wateja.

Halafu kuna bei. Esansi yetu inatoka nchi za nje, na mvua ikiharibu barabara, chupa inapanda. Kijana wa pikipiki anapandisha, mama anayeleta unga sokoni anapandisha meka, na jioni tunaiona hesabu hiyo ndani ya bukari. Mwenye uchungu wa kuzaa usiku ndiye anayelipa kuliko wote, kama pikipiki inapatikana.

Tena kwetu Kamina, kusafiri kwa umeme si jambo geni. Reli ya Katanga ilianza kuvutwa kwa umeme mwaka wa 1952, kati ya Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, na Tenke. Baadaye nyaya zikafika mpaka hapa. Na vitu vya kutengeneza betri viko kwetu. Katika dunia yote, karibu sehemu 7 kwa 10 za kobalti zinatoka Kongo, nyingi upande wa Kolwezi. Litiamu iko Manono, katika jimbo jirani. (Kuna betri zisizo na kobalti, ni kweli, lakini nyingi za hizo zinataka litiamu.) Mwezi wa 4 mwaka wa 2022 Kongo na Zambia walitia sahihi mapatano ili vitu vya betri vitengenezwe huku huku. Ningependa kukiona kiwanda hicho kabla sijazeeka.

Shida ni umeme wenyewe. Katika nchi yetu, kwa watu 5, karibu 4 hawana umeme nyumbani. Ile laini kubwa kutoka Inga mpaka Kolwezi, karibu kilometa 1,700, ilimalizika miaka ya 1980 kwa ajili ya migodi. Vijiji vingi inavyopita juu yake viko gizani mpaka leo.

Ndiyo sababu sipendi tuanze na motokari za wakubwa. Ethiopia mwaka wa 2024 ilikataza kuingiza motokari za watu binafsi zinazotumia mafuta, lakini wale wana mabwawa makubwa ya umeme. Mfano unaotufaa zaidi ni wa Rwanda, ambako tangu mwezi wa 1 mwaka wa 2025 pikipiki mpya ya kubeba abiria mjini Kigali haiandikishwi kama si ya umeme. Dereva hangoji betri ijae. Anafika mahali, anatoa iliyokwisha, anapewa iliyojaa, analipa, anaenda.

Niliposikia hivyo, nilisema: lakini hiyo ni kazi yangu! Meza kando ya njia na mteja mwenye haraka, bila bido chumbani. Jua la Kamina linaweza kujaza betri mchana, na pano zile zile ziwashe taa ya chumba cha kuzalia usiku. Kijana mmoja anayenunua kwangu kila asubuhi aliniuliza, “Mama, siku hiyo utakula nini?” Nikamwambia, “Papa, nitakuuzia betri.” Alicheka. Mimi sikucheka.

Maana pano na betri ni bei kali, na likelemba yetu peke yake haiwezi kuzinunua. Tukinyamaza, wenye pesa watakuja na vituo vyao, na sisi tutabaki na chupa ambazo hakuna anayezitaka. Sharti langu ni hili: sheria ikitoka, itoke pamoja na mkopo kwa wamama wanaouza esansi leo, na nafasi ya vituo wapewe wao kwanza. Tangu 2015 Kamina ni mji mkuu wa jimbo la Haut-Lomami; wabunge wa jimbo wanakaa hapa hapa, hatuhitaji tiketi ya kwenda Kinshasa.

Katika mkutano ujao naomba tuhesabu tuko makadafi wangapi katika chama, kila mmoja anauza lita ngapi kwa siku, na anabaki na franka ngapi. Anayejua kuandika barua kwa Kifaransa kizuri aje na kalamu. Hesabu yangu mimi nimeshaiandika.