Ratiba Yako ya Naivasha Ina Siku Tatu Ndani Yake

Gatina, Kawangware

Kwako mpwa wangu,

Mke wangu anasema umesahau njia ya kuja. Ratiba uliyompa mdogo wako aniletee imefika, na nimeisoma nikiwa na kalamu mkononi kama ulivyotaka.

Wewe na kikundi chako cha vijana mmepanga kuondoka Kibera saa 2 asubuhi, mpige picha kwenye mteremko wa Bonde la Ufa, mpande Longonot, mwendeshe baiskeli Hell's Gate, mshuke korongoni, mwogelee maji moto ya Olkaria, mpande mashua Ziwa Naivasha, mfike Nakuru kuona heroe, na saa 1 usiku muwe mmerudi Olympic, hapo Kibera. Miaka yote niliyokula ugali wa usukani katika barabara hiyo, sijaona gari la kuyaweza hayo kwa siku moja, wala abiria. Mtafika kila mahali mkiwa mnaondoka.

Nimekata. Longonot nimekata kwanza. Kilele chake kina mita 2,776. Kutoka lango la chini hadi mdomo wa kreta ni kama kilomita 3 za mwinuko wa vumbi, na anayezunguka kreta yote anaongeza 7 na ushee. Vijana wenye nguvu huchukua saa nne au tano, kisha magoti yao hayataki tena habari ya korongo. Utapanga siku yake pekee. Nakuru nayo iko zaidi ya saa moja mbele ya Naivasha, na kurudi ni vilevile, kwa hiyo nimeifuta bila huruma. Maji moto ya Olkaria nimeyawekea alama ya kuuliza: ni mazuri, lakini ukishawaingiza vijana zaidi ya ishirini kwenye bwawa, kuwatoa ni kazi ya nusu siku.

Hell's Gate ibaki, na ibaki yenyewe. Najua kuna aliyeuliza kwa nini msiende Nairobi National Park, iliyo hapo karibu tu na Lang'ata. Ni kweli, lakini pale mtu hashuki garini ila penye ruhusa. Hell's Gate unaendesha baiskeli huku pundamilia wakikutazama, twiga wako kulia, na ngiri wanakimbia mikia juu. Hifadhi yenyewe ni ndogo, kilomita za mraba 68 hivi, ilitengwa mwaka 1984, na simba si wenyeji wake. Nyati wapo, na hao si wa kuchezea. Mkiwaona karibu na njia, simameni kwa mbali na mngoje wasogee. Asiwepo wa kuteremka kwenye baiskeli ati apige picha nao.

Kijana aliyezaliwa Gatwekera au Kawangware, akazoea kwamba kila hatua mbele yake kuna mtu, ukuta au mfereji, akipewa barabara ya vumbi yenye magenge mekundu pande zote mbili na hakuna wa kumpigia honi, hiyo peke yake inatosha nauli.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu badala ya kukupigia simu. Mmeandika Jumamosi ya katikati ya Aprili. Naelewa: shule zimefungwa. Lakini Aprili ndio moyo wa masika, na wewe unataka kuwashusha watoto wa watu kwenye korongo.

Korongo la Ol Njorowa lilichimbwa na maji ya ziwa la kale, kubwa kuliko Naivasha ya leo, yalipopata upenyo wa kutokea kusini. Kuta zake ni majivu ya volkano yaliyogandamana, laini kiasi kwamba watu wamekwangua majina yao humo, ila adabu hawakukwangua. Mahali pengine ukinyoosha mikono unagusa pande zote mbili. Kuna sehemu maji moto yanachuruzika ukutani, na kuna sehemu za kushuka kwa makalio huku mwongozaji anakuonyesha pa kuweka mguu. Ukifika kwenye wembamba ule, inua macho. Utaona vijiti na majani makavu yamekwama kwenye nyufa juu ya kichwa chako. Hakuna ndege aliyejenga pale. Ni maji.

Aprili 2012 kikundi cha vijana wa kanisa kutoka hapa Nairobi kilikuwa humo ndani mafuriko yaliposhuka, na vijana 7 wakafa. Jumapili ya tarehe 1 Septemba 2019 ikatokea tena. Watu 7, mwongozaji wa pale pale akiwa mmoja wao. Septemba, mpwa wangu, si mwezi wa masika. Mvua hunyesha juu ya vilima, mbali na mlipo, nyinyi chini mna kipande cha anga cha samawati na mnacheka, kisha maji yanakuja mara moja, na ukuta hauna pa kukimbilia. Hata Marekani, huko jangwani Arizona, kwenye korongo la Antelope, Agosti 1997 watalii 11 walikufa kwa mvua iliyonyesha maili kadhaa kutoka pale. Kwa hiyo msijidanganye kwamba ni uzembe wa watu fulani tu.

Hameni kutoka Aprili, mwende Agosti. Shule zitakuwa zimefungwa pia, vumbi litakuwepo na baridi ya Limuru itawauma alfajiri, lakini hivyo havijamuua mtu. Na hata hiyo Agosti, fanya hivi. Wiki yenyewe piga simu hifadhini uulize kama korongo liko wazi, maana tangu ile ajali ya 2019 limekuwa likifungwa na kufunguliwa. Mkifika, waulize askari wa wanyamapori mvua ilinyesha lini mara ya mwisho. Chukueni mwongozaji wa pale, mmlipe vizuri. Akisema leo hatushuki, basi hamshuki, hata kama anga ni nyeupe na hata kama kuna kijana anapiga kelele kwamba amelipa. Pesa hiyo imeshaliwa na safari, usiiongezee mtu. Waambie wote mapema, kabla ya kuchanga, kwamba korongo ni la bahati, baiskeli ndiyo ya hakika. Ukilisema jambo hilo mkiwa Kibera hutagombana nao mkiwa Naivasha.

Mtakaposhuka, wahesabu. Mkipanda, wahesabu tena. Mwenye ndala abaki juu na mtu mzima mmoja, pamoja na mwenye hofu. Usimwache yeyote amsukume mwenye hofu kwa utani.

Muda uupange kutoka nyuma kuja mbele. Jua la kwetu huzama karibu saa 12 na nusu mwaka mzima. Saa hiyo gari lenu liwe limeshamaliza kupanda mteremko na kuipita Limuru, kwa sababu ukungu wa pale juu na trela zisizo na taa za nyuma navijua mimi kuliko ninavyowajua wakwe zangu. Basi Naivasha mwondoke saa 9 na nusu alasiri. Korongoni mtoke kabla ya saa 7 mchana, mle, mpumue, mtu akitaka mashua apate saa moja ziwani akiwa amevaa jaketi la kuokolea. Getini muwe saa 3 asubuhi. Hesabu hiyo ukiivuta mpaka mwanzo, inakwambia mwondoke Olympic saa 11 alfajiri.

Saa 11 Kibera bado ni giza. Wasichana wa Laini Saba na Lindi wasije mmoja mmoja. Wakusanyike, waje na kaka zao, au wengine walale kwa rafiki aliye karibu na barabara. Gari likiwachukua wa Kibera, lishike Ngong Road, liingie Naivasha Road karibu na Dagoretti Corner, wa Kawangware wapande pale kituo cha 46, kisha mtokee Uthiru. Ajabu ni kwamba wengi wenu mmeitembea hiyo Naivasha Road tangu utotoni na hamjawahi kufika Naivasha.

Rironi shikeni njia ya chini ya Mai Mahiu asubuhi. Mkifika pale pa kutazamia bonde, simameni dakika ishirini, si zaidi. Mtaiona Longonot mbele, na Suswa upande wa kushoto kwa mbali. Ngozi za kondoo na vinyago mviulize bei tu. Chini kidogo kuna kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita Waitaliano mwaka 1942, walipokuwa wakiitengeneza barabara hiyo. Mji wa Mai Mahiu wenyewe una kidonda: usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024 maji yalifunguka kutoka juu, karibu na reli ya zamani, yakasomba nyumba na zaidi ya watu 40. Ndiyo sababu ya pili ya kunifanya nisitake kusikia neno Aprili.

Juu ya dereva. Usitafute wa bei rahisi, tafuta aliyelala. Mwenye gari akikwambia dereva ataingia zamu ya usiku Ijumaa kisha awachukue alfajiri, tafuta gari jingine. Matatu ya ruti ikitaka kuwapeleka nje ya ruti yake inahitaji kibali cha muda cha NTSA. Uone karatasi hiyo kwa macho yako, usikubali kuambiwa iko ofisini. Mkiteremka Mai Mahiu, dereva anayejua kazi anaweka gia ya pili juu kabisa na kuiacha injini izuie gari. Ukisikia anakanyaga breki kila kona, na harufu ya kuungua inaingia dirishani, mwambie asimame. Wewe ndiye mwenye safari, una haki hiyo. Na muziki upunguzwe pale mteremkoni, hata kama wimbo ni mpya.

Ada ya hifadhi hulipwa kwa eCitizen, taslimu hawapokei. Lipeni mapema, intaneti ya getini isije ikawapotezea saa nzima. Mwananchi hulipa kidogo kuliko mgeni, lakini lazima aonyeshe kitambulisho. Hapo ndipo nawawazia wenzako wa Makina, Wanubi waliozaliwa Kibera, baba zao wakazaliwa Kibera, na bado wanazungushwa kupata kadi. Usingoje mtoto wa watu adhalilishwe getini mbele ya wenzake. Mwezi mmoja kabla, pitia majina, uulize nani ana nini, na kwa asiye na kadi uulizie hifadhini ni stakabadhi gani watakubali. Uyafanye hayo kwa siri.

Michango ipokewe na mtu mmoja kwa M-Pesa, na mwingine aandike kitabuni. Kila Ijumaa wasomeeni watu hesabu. Vikundi vingi hapa mtaani havijavunjwa na wizi. Vimevunjwa na kunyamaza kuhusu shilingi mia mbili.

Chakula mtoke nacho. Chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi na njugu vinatosha, na vifichwe ndani ya gari, kwa kuwa nyani wa kule hufungua mkoba kwa ustadi kuliko kondakta. Msinunue chupa za plastiki za maji, zimepigwa marufuku hifadhini tangu Juni 2020. Jazeni jerikani mbili za lita 20, kila mtu aje na chupa yake ya kujazia. Joto la bonde si la Nairobi, atakunywa kuliko anavyodhani.

Mtakapofika Fischer's Tower, lile jabali lililosimama peke yake, mwongozaji atawahadithia ya bibi arusi wa Kimaasai aliyegeuka kutazama kwao akawa jiwe. Sikilizeni, kisha mwulizeni pia juu ya mabomba makubwa ya mvuke mtakayoyaona upande wa Olkaria. Kituo cha kwanza kilianza mwaka 1981, na leo mvuke wa ardhini unatoa sehemu kubwa ya umeme wa nchi. Taa ya Makina na ya Gatina inawaka kwa moto ule. Mwulizeni vilevile juu ya familia za Kimaasai zilizohamishwa mwaka 2014 kupisha mitambo. Nyinyi wa Kibera mlioona nyumba zikibomolewa Julai 2018 kupisha barabara hamtahitaji kufafanuliwa sana, na ningependa vijana wako waongee na wenyeji wa kule badala ya kupiga picha tu.

Mnaporudi mnaweza kupita njia ya juu mnunue viazi na karoti Soko Mjinga, ikiwa tu saa inaruhusu. Ikiwa hairuhusu, Kawangware kuna viazi.

Mpigie mwenye gari leo umwambie ni Agosti, na usimtumie amana mpaka uone kibali. Jumapili nipo nyumbani kuanzia saa 8 mchana. Njoo na mweka hazina wenu na kile kitabu cha michango.

Ni mimi mjomba wako.