Mumbai Hadi Goa: Daraja la Pili Lina Maana Nyingi

Wasafiri wengi kutoka hapa kwetu wanapofika India hupima mambo kwa kibaba cha nyumbani. Akilini mwao bado limo lile gari moshi la usiku lililokuwa likitoka Nairobi kwenda Mombasa hadi mwaka wa 2017. Daraja la kwanza lilikuwa chumba cha vitanda viwili, la pili chumba cha vitanda vinne, na la tatu viti tu. Kwa hivyo baba wa familia husimama mbele ya karani wa tiketi mjini Mumbai na kuomba daraja la pili kwa watu watano. Karani naye humuuliza, "La pili lipi?"

Karani hafanyi mzaha. Katika reli za India jina hilo laweza kuwa la mabehewa mawili yaliyo tofauti kama mbingu na ardhi. Lipo behewa la kiyoyozi ambalo vitanda vyake vimepangwa kwa ngazi mbili, na watu hupenda kuliita la pili. Halafu lipo daraja la pili lenyewe, ambako tiketi haina nambari ya kiti na anayewahi ndiye anayekaa. Familia isiyofafanua mambo mapema yaweza kujikuta imesimama mlangoni, mizigo kichwani, kwa nusu siku nzima.

Msomaji anayepanga likizo ya Desemba, au aliye na mtoto anayesomea Pune au Mumbai, afadhali ayajue haya kabla ya kufungua mkoba. Na tuchukue mfano wa safari moja ambayo wageni wengi huipenda, ile ya kutoka Mumbai hadi Goa.

Safari huanzia katika stesheni ya Chhatrapati Shivaji, ambayo wazee wa Mumbai wangali wakiiita VT, yaani Victoria Terminus. Jengo hilo la mawe, lenye kuba na sanamu za wanyama, lilijengwa enzi za Waingereza na mnamo 2004 liliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO. Ukitoka mjini na kufika Roha, unaingia katika reli ya Konkan, iliyofunguliwa rasmi mwaka wa 1998. Reli hii imepita kati ya milima na bahari, mahali ambapo Waingereza wenyewe hawakuwahi kupitisha njia. Ina mahandaki zaidi ya 90, na lililo refu zaidi, la Karbude, lina urefu wa kilomita 6.5. Karibu na Ratnagiri, gari hupita juu ya bonde la mto Panval kwa kimo cha mita 64 hivi.

Sasa tuyatazame mabehewa. Kila behewa limeandikwa herufi ubavuni. H ni daraja la kwanza lenye kiyoyozi: vyumba vya watu wawili au wanne, na mlango unaofungwa kwa ndani. A ni kiyoyozi cha ngazi mbili. Hakuna mlango, ila pazia. B ni kiyoyozi cha ngazi tatu, watu wanane katika kila sehemu. S ni behewa la kulala lisilo na kiyoyozi. Vitanda vyake vimepangwa kama vya B, lakini madirisha yake hufunguliwa na yana vyuma vya kuzuia wezi. Katika H, A na B utapewa shuka, mto na blanketi. Katika S hupewi kitu. Leta leso yako.

Je, uchague lipi? Jibu langu ni kwamba usiulize kwanza bei wala jina. Uliza gari litaondoka saa ngapi.

Kuna magari mawili maarufu kwenye njia hii. Mandovi Express huondoka Mumbai saa moja hivi asubuhi na kufika Madgaon, Goa, jioni. Konkan Kanya Express huondoka usiku na kufika kesho yake asubuhi. Njia ni ile ile na madaraja ya tiketi ni yale yale, lakini hizo ni safari mbili tofauti kabisa.

Anayesafiri mchana na kujifungia katika H amelipia pazuri pa kukosa mambo. Vioo vya mabehewa ya kiyoyozi havifunguki, na mara nyingi vimetiwa rangi nyeusi ili kupunguza jua. Milima ya Konkan utaiona kama mtu aliyevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Lakini katika S upepo unakupiga usoni. Unanusa udongo uliolowa, unasikia mlio wa gari ukibadilika linapoingia handakini, na wachuuzi wanapita kila mara na chai, sambusa na vada pav, yaani mkate uliotiwa kitonge cha viazi kilichokaangwa. Katika msimu wa maembe, majirani watakueleza sifa za embe la Ratnagiri liitwalo hapus, na huenda wakakukatia kipande. Watoto watapata wenzao wa kucheza nao kabla ya stesheni ya tatu.

Usiku mambo hugeuka. Gizani hakuna mlima wa kutazama. Unachonunua ni usingizi na usalama wa mizigo. Hapo mama mwenye watoto wadogo, au mtu anayesafiri na mzazi mzee, asione uchungu kuongeza pesa na kuchukua B au A. Watu wasio na tiketi za behewa hilo ni wachache humo, na vyoo kwa kawaida ni safi zaidi. Hata hivyo, beba mnyororo mdogo na kufuli, ufunge sanduku chini ya kitanda. Wenyeji wenyewe hufanya hivyo. Halikadhalika, omba vitanda vya chini kwa ajili ya wazee, kwa maana ngazi ya kupandia juu ni nyembamba na gari huyumba.

Kuhusu watoto, aliye chini ya miaka mitano hasafiri kwa nauli mradi asichukue kitanda. Wa miaka mitano hadi kumi na mmoja hulipa nusu bila kitanda, lakini akitaka kitanda chake atalipa kama mtu mzima.

Tiketi huuzwa mapema. Tangu Novemba 2024, mtu anaweza kununua siku 60 kabla ya safari, na za wakati wa sikukuu huisha upesi. Ukiona tiketi imeandikwa RAC, jua kwamba utapanda gari lakini utagawana kitanda kimoja na mtu mwingine, mkikaa mkitazamana. Ikiandikwa WL, bado uko foleni. Usipeleke familia stesheni kwa matumaini matupu. Aidha, kati ya Juni na Oktoba magari ya njia hii hupunguzwa mwendo kwa sababu ya mvua na maporomoko, basi usipange ndege ya kurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Najua kuna wazazi ambao daraja la kwanza kwao si suala la kiyoyozi. Katika Kenya ya kikoloni mabehewa yalifuata rangi ya ngozi: la kwanza la Wazungu, la pili la Wahindi, la tatu la Waafrika. Mnamo Juni 1893 Gandhi, akiwa na tiketi halali ya daraja la kwanza, alitupwa nje ya gari huko Pietermaritzburg, Afrika Kusini. Mzee aliyekulia katika dunia kama hiyo akisema anataka kukaa pale alipokatazwa baba yake, mwanawe asimhesabie shilingi. Akipenda H, na akae H. Heshima nayo ni sehemu ya safari.

Lakini kwa sisi wengine, tofauti ya nauli si kitu kidogo. Hapa nyumbani, nauli za SGR zilipopandishwa Januari 2024, daraja la kwanza kati ya Nairobi na Mombasa lilifika shilingi 4,500 na la kawaida shilingi 1,500, yaani mara tatu. Kule India pengo kati ya H na S ni kubwa zaidi. Familia ya watu watano ikienda Goa mchana kwa S na kurudi usiku kwa B, itabakiwa na fedha za kutosha kula samaki ufuoni siku kadhaa, na Januari ikifika karo haitakuwa imeguswa.

Kwa hivyo utakapofika dirishani, usiseme "la pili". Taja herufi, taja idadi ya vitanda, na utaje nani atalala chini.