Chuma cha Changamwe, Upepo wa Likoni, Moto wa Kisauni

Jukwaa la hevi metali huanza kuwa kazi ya chuma kabla halijawa kazi ya muziki. Gita halijapigwa bado, na tayari kuna watu wamebeba, wamechomelea, wamekaza nati na kupanda juu na mikanda kiunoni. Ndiyo sababu safari yangu ya kutazama majukwaa ya ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa niliianzia Changamwe, kwenye gereji za malori, nikauacha ufuo kwa baadaye.

Ukitoka Makupa ukishika njia ya Magongo, pande zote mbili ni trela, matairi na cheche. Bandari iko karibu, na kila kontena linaloshuka melini linahitaji gari la kulibeba. Wachomeleaji wa hapa wamezoea kuulizwa swali moja tu: chuma hiki kitahimili? Kontena la futi 20 likijaa laweza kupita tani 20, na trela ikikatika njiani kwenye mteremko wa Mazeras hakuna mchezo.

Nilimkuta fundi akiunda mkono wa kukunjuka wa lori la matangazo, lile ambalo ubavu wake hufunguka likawa jukwaa: leo linauza sabuni, kesho limembeba mwanasiasa, keshokutwa kwaya. Mkono ule ungening'iniza taa. Alimaliza kuchomelea, akagonga gamba jeusi kwa nyundo mpaka likabanduka, akainama kuutazama mshono akiwa na tochi ya simu ilhali jua lilikuwa la saa saba. Palipokuwa na kitundu kidogo kama kichwa cha pini, alipakata upya na kupachomelea tena. Kisha akamuuliza mwenye lori mambo mawili: kila taa ina kilo ngapi, na je, taa zenyewe zitatulia au zitazunguka? Taa inayozunguka huvuta chuma huku na huku usiku kucha, na uzito unaotikisika si sawa na uzito uliotulia.

Maswali hayohayo ndiyo wanayoulizana wanaofunga majukwaa makubwa ya Ulaya. Mwaka 2022 nilisimama katika uwanja wa mpira wa Hamburg kuwatazama Rammstein, kundi la Berlin ambalo hakuna linalolifikia kwa moto. Jukwaa lao lilikuwa mnara wa chuma mrefu kama jengo, na katikati ya watazamaji kulikuwa na minara mingine iliyotema ndimi za moto angani. Nilikuwa mbali, lakini joto lilinifikia usoni. Watu walinyanyua simu kuupiga picha moto. Mimi nilikuwa naangalia viungo vya chuma. Tofauti ya Hamburg na Magongo iko kwenye mfuko na kwenye karatasi za ukaguzi. Jicho linalotazama mshono ni lilelile.

Kuna hesabu moja niliyoipiga palepale gerejini na bado inanifurahisha. Trela ya kubebea kontena la futi 40 ina urefu wa mita 12 hivi na upana wa karibu mita mbili na nusu. Peke yake ni nyembamba mno kwa bendi ya metali: ukishaweka ngoma, waimbaji hawana pa kurukia. Weka trela mbili ubavu kwa ubavu, tandika mbao ngumu juu yake, nawe una jukwaa la mita 12 kwa 5, lililoinuka kufikia kifua cha mtu mzima, na chini yake kuna chuma kilichotengenezwa kubeba mizigo mizito kuliko bendi yoyote.

Likoni ni habari nyingine. Huko mwenye jukwaa ni upepo.

Mitambo mingi ya sherehe za Likoni huvuka na feri. Mwenye miguu havuki kwa pesa, gari ndilo hulipa, kwa hiyo spika hupangwa kwenye pikapu moja hadi zinapita paa, na vijana huvuka kwa miguu wakiwa wamekumbatia masanduku ya miksa na mafurushi ya nyaya. Sasa kwa kuwa barabara ya Dongo Kundu inaunganisha Miritini na pwani ya kusini, lori kubwa linaweza kutoka upande wa Changamwe likafika Likoni bila kupanda chombo. Kwa wenye majukwaa hilo ni jambo kubwa kuliko wanavyolisema.

Uwanja niliokwenda uko upande wa Shelly Beach, wazi kabisa. Fundi mitambo, mzee wa makamo aliyeniita mwanangu tangu salamu ya kwanza, alikuwa na mashine mbili za moshi. Ndani ya mashine hiyo kuna maji yaliyochanganywa na glikoli. Yanapashwa moto, yanatoka kama ukungu mweupe. Kazi yake kubwa ni kuupa mwanga kitu cha kugonga, maana mwali wa taa hauonekani hewani mpaka ukutane na chembechembe. Bila moshi, taa ya shilingi elfu mia inamulika mchanga tu. Bendi za metali hulijua hili tangu zamani: zile nguzo za mwanga unazoziona kwenye picha zao ni moshi uliomulikwa.

Lakini bendi hizo hupiga ndani ya kumbi zilizofungwa, au kwenye jukwaa lenye kuta tatu na paa. Likoni wakati wa kusi, moshi haukai hata sekunde tano. Mzee alinieleza kwa upole, mwanangu, ukiiweka mashine mbele ya jukwaa moshi wote unamwendea mgeni rasmi. Yeye aliweka mashine zake upande unakotoka upepo, chini kabisa, na akafunga turubai zito nyuma na ubavuni likazuia upepo usikate jukwaa moja kwa moja. Kisha akangoja. Usiku ukiingia upepo wa bahari hulegea kwa vipindi, na yeye alikuwa akitazama mnazi mmoja ng'ambo ya uwanja. Makuti yake yakitulia, alibonyeza. Moshi ulisimama, taa zikapenya, watu wakapiga kelele. Makuti yakianza kutikisika aliacha, akahifadhi maji yake. Sijamwona fundi wa taa wa Ulaya anayelazimika kucheza na mti, na naamini wengi wao wangeshindwa.

Chumvi nayo ni adui. Kila plagi aliipangusa kwa kitambaa chenye spiriti kabla ya kuchomeka, kwa kuwa kutu ndogo kwenye ncha ya waya wa taa huifanya taa ipepese ovyo. Taa za siku hizi hupokea amri kwa mfumo wa DMX, uliobuniwa mwaka 1986, wenye njia 512 katika waya mmoja unaoruka kutoka taa hadi taa. Kiungo kimoja kikioza, zote zilizo mbele yake zinapoteza akili. Kwa upande mwingine, taa za LED zimewakomboa watu wa ng'ambo. Balbu moja ya taa za zamani za jukwaani ilikula wati 1,000. Ukifunga 40 unahitaji jenereta la kuvutwa na lori. Sasa taa inayofanya kazi karibu ileile inakula sehemu ndogo tu ya hapo, na jenereta linaloingia kwenye pikapu linatosha.

Kitu kimoja ambacho Mombasa imejaliwa bila kulipia ni giza. Kule Wacken, kaskazini mwa Ujerumani, ambako tamasha la metali limekuwa likifanyika tangu 1990, mwanzoni mwa Agosti jua huzama baada ya saa tatu usiku. Bendi nyingi hupiga mchana mweupe na taa zao hazifui dafu. Huku kwetu, mwaka mzima, saa moja na nusu usiku ni giza tupu, na linaingia upesi. Fundi wa Likoni ana saa tano za giza kabla ya majirani kuanza kulalamika.

Kisauni nilikaa zaidi, maana huko kuna mambo mawili ambayo kila mpenzi wa metali angepaswa kuyaona, na la kwanza, kwa bahati, nimeliona kwa kuwa mimi ni mwanamke.

Nalo ni kupamba. Usiku wa kupamba bibi harusi hutolewa mbele ya wanawake, na mwanamume haingii. Mafundi wa kiume hufunga taa na spika mchana, kisha huondoka, na usiku mitambo inashikwa na wanawake. Ukumbi niliokaribishwa, upande wa Bombolulu, ulikuwa na msichana mwembamba mwenye buibui, vidole vyake juu ya meza ya taa, na karibu naye visanduku viwili vya fataki baridi. Hizo hutumia unga wa madini unaorushwa juu ukiwa cheche nyeupe. Hazina joto la baruti, ingawa si vitu vya kuchezea.

Alichofanya yule msichana na muda ndicho ninachokikumbuka. Taarabu ilikuwa ikipigwa, akapunguza taa polepole mno kiasi kwamba watu walinyamaza kabla hawajagundua kumeingia giza. Akaacha giza. Akaliacha tena, mpaka bibi mmoja nyuma yangu akaanza kusoma dua. Ndipo moshi mzito ukatambaa sakafuni, taa moja tu ikawaka kutoka nyuma, na umbo la bibi harusi likaonekana kabla ya uso. Uso ulikuja baadaye. Cheche zilikuja mwisho kabisa, mara moja, zikazimwa. Vigelegele vilinitetemesha.

Iron Maiden, katika ziara yao ya 1984 na 1985, walijenga jukwaa la Misri ya kale, na mwisho wa onyesho sanamu kubwa ya Eddie, kinyago chao, ilichomoza nyuma ya ngoma ikiwa maiti iliyofungwa vitambaa. Kazi nzuri sana. Ila bendi nyingi zilizowaiga hurusha kila kitu katika wimbo wa kwanza, halafu kwa saa nzima hazina cha kukuonyesha. Msichana wa Bombolulu alikuwa na taa chache na visanduku viwili, akajua cha kuficha. Natamani wanamuziki wa rock wa Nairobi wangemlipa akawafundishe.

Jambo la pili ni moto. Katika hoteli za Bamburi na Shanzu, vikundi vya sarakasi hupita chini ya ufito unaowaka na kuruka ndani ya pete za moto. Niliwatazama vijana wakijiandaa mchangani. Walichovya vitambaa katika mafuta ya taa, wakavikamua, wakavipunga mbali mpaka havidondoki tena. Petroli hawaigusi kamwe, kwa sababu mvuke wake hushika moto kabla ya wewe kuwa tayari. Mmoja wao kazi yake yote ilikuwa kushika gunia lililoloweshwa maji. Hakucheza, hakushangiliwa, hakuondoa macho kwa wenzake. Na walichezea uwanjani, mbali na paa.

Mbali na paa kwa sababu paa ni makuti. Kumbi na baa nyingi za Kisauni, Bamburi hadi Shanzu zimeezekwa kwa majani ya mnazi yaliyokauka, na makuti yakishika huteketea upesi mno. Ukitaka kujua metali imejifunza nini kuhusu jambo hili, tazama West Warwick, Marekani, Februari 2003: fataki za jukwaani za bendi ya Great White zilishika sponji iliyobandikwa ukutani kuzuia sauti, na watu 100 wakafa. Tazama Bucharest, Oktoba 2015, klabu ya Colectiv, bendi ya Goodbye to Gravity, sponji tena, zaidi ya watu 60. Makuti ndiyo sponji yetu. Hata penye wataalamu hatari haiishi: James Hetfield wa Metallica aliungua vibaya mkononi jijini Montreal mwaka 1992 aliposimama palipopangwa moto ulipuke. Rammstein wenyewe, mwaka 1996 jijini Berlin, walishuhudia kipande cha jukwaa kinachowaka kikianguka. Baada ya hapo moto ulikabidhiwa wenye taaluma, na mwimbaji wao Till Lindemann akasomea na kupata leseni ya kuushika.

Kwa hiyo nasema bila kusita: baruti chini ya makuti isiruhusiwe hata kwa dakika moja, awe ni DJ, kwaya au bendi. Sheria ya vilipuzi ya Kenya inataka kibali kwa fataki, na mwenye ukumbi anayeonyeshwa kibali bado ana haki ya kukataa.

Hevi metali ya Kenya makao yake ni Nairobi, na vijana wake hupenda kulalamika kwamba hawana vifaa. Bendi ya Duma, wanaume wawili tu, walitoa albamu yao mwaka 2020 kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala na wakasikika duniani. Nguvu yao haikutokana na minara ya chuma. Nao wanaodhani pwani na rock hazijuani wakumbuke kwamba Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, na kwamba Queen yake, katika ziara ya 1977, ilikuwa na taa zilizofungwa kwa umbo la taji, zikipaa kutoka jukwaani katikati ya moshi. Metallica baadaye wakaurekodi upya mmoja wa nyimbo za Queen.

Bendi itakayoshuka kutoka Nairobi ikitaka kupiga ng'ambo, naishauri hivi. Msikodi ukumbi. Kodini trela mbili Changamwe pamoja na fundi aliyezichomelea, akae hadi mwisho wa onyesho. Uwanja uwe wazi, migongo ya trela ielekezwe upepo unakotoka, turubai zito nyuma. Mwulizeni fundi wa Likoni moshi utoke lini, na mwacheni aamue hata kama wimbo umekwisha kupangwa. Meza ya taa mkabidhini mwanamke aliyezoea kupamba. Moto wapeni wanasarakasi, wawili watatu, mbele ya jukwaa kwenye mchanga, na yule wa gunia lenye maji alipwe sawa na wenzake.