Popo wa Pemba na Haki Yake

Wako viumbe tunaoishi nao jirani wala hatuwajui ila kwa makelele yao. Mmoja wao ni popo mkubwa wa Pemba. Huyu hapatikani katika nchi yoyote duniani isipokuwa kisiwa hiki kimoja. Akitoweka hapa, ametoweka ulimwenguni kote.

Wengi humdhani kuwa ni ndege kwa sababu ya mabawa yake. La, ni mnyama: huzaa na kunyonyesha, na aghalabu huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Kiumbe mwenye uzazi mdogo namna hii akiuawa kwa wingi, hawahi kufidia waliopotea.

Na hayo ndiyo yaliyomfika. Katika karne ya 19 misitu ilikatwa ili ipandwe mikarafuu, akabakiwa na mahali pachache pa kulala: msitu wa Ngezi, vichaka, na miti mikubwa ya makaburini. Kisha akawindwa kwa nyavu, kwa ulimbo na kwa bunduki, nyama yake ikaliwa. Ilipofika miaka ya 1990 walikuwa wamebaki wachache mno, ikakhofiwa kwamba watakwisha.

Twawasikia wenye mashamba wakilalamika kwamba popo hula maembe na mashelisheli. Ni kweli, hula. Lakini na tuihesabu na kazi yake. Usiku huruka masafa marefu, akila tunda hapa na kudondosha mbegu kule. Na akinywa utamu wa maua ya msufi, hutoka na unga wake akaupeleka katika ua jengine. Mti ulioota msituni pasipo mtu kuupanda, huenda mpandaji wake ni yeye.

Faraja ipo. Wanavijiji wenyewe, kama watu wa Kidike, waliwalinda popo wanaolala kwao, na idadi yao ikapanda tena kuwa maelfu mengi.

Kwa hiyo twawaomba wazazi. Watoto huja chuoni na manati shingoni, wakijisifu kwa waliowaangusha. Sisi huwakanya asubuhi, lakini wakirudi nyumbani wakamwona baba akicheka, maneno yetu huwa kama hayakusemwa. Mtoto na ajue tangu udogo wake kwamba kiumbe asiyesema naye ana Muumba wake, na kumuua kwa mchezo ni dhulma. Aliyechoshwa na popo shambani mwake, na awafukuze kwa kupiga debe, au avune mapema. Embe litazaa tena mwakani. Roho iliyotolewa hairudi.